Bill Wilson: Mlevi Aliyemtafuta Mlevi Mwenzake

Katika toleo hili tunawaletea maisha ya Bill Wilson, Mmarekani aliyefariki mwaka 1971. Hakuwa mchungaji wala mwinjilisti. Alikuwa mlevi. Tumemchagua kwa sababu jamaa nyingi kati yetu zinateswa na pombe, na njia aliyoipata inafuatika hata na sisi tulio mbali na kwetu.

Bill alizaliwa tarehe 26 Novemba 1895 huko East Dorset, katika jimbo la Vermont. Wazazi wake walitengana akiwa mtoto, akalelewa na babu na bibi wazaa mama. Mwaka 1917, akiwa afisa kijana wa jeshi, alianza kunywa. Alikuwa mwenye haya, na pombe ilimfanya ajione mtu kati ya watu. Hapo ndipo mtego ulipomnasa.

Mwaka 1918 alimwoa Lois Burnham. Baada ya vita alipata fedha nyingi katika biashara ya hisa mjini New York, lakini mwaka 1929 soko hilo lilianguka, naye akabaki na madeni na chupa. Mama Lois ndiye aliyefanya kazi dukani ili wale. Bill aliandika ahadi za kuacha pombe ndani ya Biblia ya nyumbani, akazivunja zote.

Mwishoni mwa 1934 alitembelewa na rafiki yake wa zamani, Ebby Thacher, mlevi mwenzake. Siku hiyo Ebby hakuwa amelewa. Alimweleza kwamba amesaidiwa na Mungu kupitia kikundi cha Kikristo kilichoitwa Oxford Group. Mwezi Desemba Bill alilazwa tena katika Hospitali ya Towns. Daktari William Silkworth alikuwa amekwisha kumfundisha kwamba ulevi ni ugonjwa, si ubaya wa tabia tu. Kitandani alimlilia Mungu, na kwa ushuhuda wake chumba kikajaa nuru. Hakunywa tena hadi kufa.

Kwa muda wa miezi mitano aliwafuata walevi wengine akiwahubiri. Hakuna hata mmoja aliyeacha. Ndipo Mei 1935 alipokwenda mji wa Akron, Ohio, kwa biashara ambayo ilishindikana. Akawa mgeni, peke yake, fedha zimekwisha, amesimama ndani ya hoteli akisikia vicheko vya baa. Akaogopa. Akatambua kwamba hatasimama bila mlevi mwingine wa kuzungumza naye.

Akatazama orodha ya makanisa, akampigia simu Mchungaji Walter Tunks, asiyemfahamu hata kidogo. Mchungaji hakumfukuza, alimpa majina ya watu. Mwishowe akamfikia mama mmoja, Henrietta Seiberling, aliyekuwa akimwombea daktari mlevi aitwaye Robert Smith. Tarehe 12 Mei wakakutana. Daktari alikusudia kukaa robo saa tu, lakini wakazungumza hadi usiku. Safari hii Bill hakuhubiri. Alisimulia maisha yake, na daktari akajiona ndani yake. Alianguka tena mara moja, kisha akaacha kabisa tarehe 10 Juni 1935. Siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani Walevi Wasiotajwa Majina. Kisha wote wawili wakaenda hospitalini kumtafuta wa tatu.

Mwaka 1939 kitabu chao kilitoka, na mwaka huohuo Bill na Lois walipoteza nyumba yao. Walihama kutoka kwa rafiki hadi rafiki mpaka 1941. Kazi haikungoja wapate makao. Mwaka 1951 Mama Lois naye alisaidia kuanzisha Al-Anon, vikundi vya jamaa za walevi, maana nyumba nzima huugua. Bill hakuwa mtakatifu: sigara iliharibu mapafu yake. Alifariki tarehe 24 Januari 1971.

Ndugu, sisi tujifunze nini? Katika miji mikubwa kama Nairobi vikundi hivyo vipo, na havitozi ada. Kambini tuanze kwa kuuliza kwenye zahanati na kwa wazee wa kanisa. Kama hakuna kikundi, wawili wanatosha. Wachague siku moja ya juma na saa moja, hata chini ya mti. Kila mtu aseme yake, na yanayosemwa yabaki hapohapo. Atakayeanguka arudi, asifungiwe mlango.

Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla bila kumwona mganga wa zahanati, kwa sababu anaweza kutetemeka, kupatwa na degedege, hata kufa.

Nanyi wachungaji na wazee, mkumbukeni yule mchungaji wa Akron. Hakumponya mtu. Alipokea simu ya mgeni, akamwelekeza. Ndugu akija kwetu ananuka pombe na kuomba msaada, tusimtaje madhabahuni. Tumpeleke kwa mwenzake aliyekwisha kuvuka. Na akina mama mnaouziwa unga wa mgao ili mume anywe, msifiche kwa aibu. Kaeni pamoja, ombeni pamoja.

Bwana atutie nguvu. Amina.