Che Guevara: munganga mwenye pumu ambaye hakuacha tumbako, hata katika milima ya Fizi

Kwa wazee wa Butembo na Beni, mwaka 1964 ni wakati wa Simba. Waasi waliingia katika miji hiyo wakijiamini kwa dawa yao, ile ya kugeuza risasi kuwa maji. Kabla mwaka haujaisha, jeshi la serikali likairudisha miji hiyo mkononi mwake kwa msaada wa mamluki wazungu wa Mike Hoare. Mwaka uliofuata, Hoare huyohuyo alipelekwa kusini, upande wa Fizi na Baraka, kuzima uasi uliobaki kando ya Ziwa Tanganyika. Huko alikutana na adui wa namna nyingine: Wakuba zaidi ya mia, na kiongozi wao aliyeitwa Tatu.

Tatu ni jina la Kiswahili, lakini mwenyewe alitoka mbali. Ernesto Guevara, ambaye dunia inamjua kama Che, alizaliwa tarehe 14 mwezi wa sita 1928 mjini Rosario, inchi ya Argentina. Alipata pumu kabla hajamaliza miaka mitatu. Ugonjwa huo haukumwacha tena. Kuna siku alicheza raga huku dawa ya kuvuta pumzi ikimngoja pembeni ya uwanja. Alisoma uganga, akapata diploma mwaka 1953, akazunguka Amerika ya Kusini na ya Kati. Mwaka 1955 akakutana na Fidel Castro huko Mexico. Mwisho wa mwaka 1956 wakavuka bahari, watu 82 ndani ya mashua ndogo, kwenda kupindua serikali ya Kuba.

Ni katika milima ya Sierra Maestra ndipo Guevara alipoingia katika sigara nene ya Kuba, ile inayokunjwa kwa majani ya tumbako peke yake, bila karatasi. Inasimuliwa kwamba mwanzoni moshi ulikuwa wa kufukuza mbu. Kama ni hivyo, mbu walisahauliwa haraka. Katika kitabu chake juu ya vita vya msituni, kilichotoka mwaka 1960, aliweka tumbako kati ya vitu ambavyo mpiganaji hubeba mfukoni, kwa sababu ni rafiki wa mtu aliye peke yake wakati wa kupumzika.

Sigara hiyo haivutwi kama ile ya pakiti. Majani yake bora yanatoka Pinar del Río, magharibi ya kisiwa. Hukaushwa ndani ya vibanda, halafu hurundikwa yapate joto na kuchacha, mpaka ukali unapungua na harufu inakomaa. Fundi hukunja kwa mkono: majani ya ndani, jani la kuyashika, na jani laini la juu ambalo jicho huliona kwanza. Mvutaji hukata kichwa chake, huwasha mguu wake polepole akiuzungusha juu ya moto, halafu huvuta bila haraka. Moshi hukaa mdomoni, ulimi unauonja, kisha hutoka. Haumezwi mpaka kifuani. Ladha hubadilika kadiri moto unavyosogea, ikianza nyepesi na kumalizika nzito, na sigara moja kubwa inaweza kula saa nzima.

Labda ndiyo sababu mtu wa pumu aliweza kudanganyika kwamba haimdhuru. Lakini moshi ni moshi, na munganga Guevara alilijua hilo kuliko wengi. Huko Havana kunasimuliwa kwamba wanganga wake walimruhusu sigara moja tu kwa siku, naye akatii kwa kutafuta iliyo ndefu kupita zote. Iwe kweli au mchezo, hadithi hiyo inafanana naye. Alikuwa mkali sana juu ya nidhamu, akafanya kazi ya kujitolea siku za pumziko, akakataa upendeleo wa chakula kwa jamaa yake. Kwa tumbako peke yake alijisamehe.

Sigara ikawa pia alama yake. Mwaka 1963 mpiga picha René Burri alimkuta ofisini, akiwa waziri wa viwanda, akatoka na ile picha ya kichwa kilichoinuliwa na sigara nene mdomoni ambayo imezunguka dunia. Wakati huo sigara ya Kuba ilikuwa tayari siasa. Rais Kennedy wa Marekani alikuwa amefunga biashara na Kuba mwezi wa pili 1962, na msemaji wake Pierre Salinger alisimulia baadaye kwamba rais alimtuma kwanza akamtafutie akiba yake: sigara 1,200 zilipatikana, ndipo akatia sahihi.

Mwezi wa kumi na mbili 1964, Guevara alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa New York akalaani mambo yaliyofanyika Stanleyville, Kisangani ya leo. Miezi minne baadaye, tarehe 24 mwezi wa nne 1965, alivuka ziwa kutoka Kigoma akashuka Kibamba. Hakufika Butembo wala Beni. Vita vyake vilibaki katika milima ya Fizi na njia ya Bendera. Laurent-Désiré Kabila, mkuu wa eneo hilo, alionekana huko mara chache. Leonard Mitoudidi, ambaye Guevara alimtegemea, alizama ziwani mwezi wa sita. Mwisho wa mwezi huo shambulio la Bendera likashindwa, Wakuba wanne wakafa. Wapiganaji wengi walitegemea dawa kuliko mafunzo, jambo ambalo msomaji wa Beni au Butembo hahitaji kuelezwa.

Kijana wa miaka 16 kutoka Bukavu, Freddy Ilanga, aliwekwa kumfundisha Tatu Kiswahili. Baadaye Ilanga alienda Kuba, akasoma, akawa munganga wa ubongo wa watoto.

Tarehe 21 mwezi wa kumi na moja Guevara aliondoka, ameshindwa, amekonda kwa pumu na kuhara. Akajifungia katika ubalozi wa Kuba Dar es Salaam akaandika kisa cha kushindwa kwake, bila kujificha. Humo anakiri kwamba udhaifu wake mkubwa ulikuwa mambo mawili, tumbako na vitabu, na kwamba yote mawili hayakumpungukia sana Kongo. Viatu vilivyochanika na chakula kilekile cha askari hakuvihesabu kuwa sadaka. Ila alijilaumu kwamba alijitenga na watu kwa kusoma, akikimbia matatizo ya kila siku. Kuhusu tumbako, hakuandika lawama ya namna hiyo.

Mwaka 1966 aliingia Bolivia, kichwa kimenyolewa, na miwani. Kwa kujigeuza hivyo, hata rafiki zake hawakumtambua. Lakini katika picha aliyojipiga mbele ya kioo cha hoteli huko La Paz, sigara nene iko mdomoni. Alikamatwa tarehe 8 mwezi wa kumi 1967, akauawa kesho yake katika kijiji cha La Higuera, akiwa na miaka 39.

Mifupa yake ilipatikana Vallegrande katikati ya mwaka 1997, wiki chache baada ya Kabila kuingia Kinshasa. Rubani wa helikopta wa Bolivia alikuwa amesema kwamba alimpa mfungwa huyo mfuko mdogo wa tumbako ya kiko kabla hajauawa. Wachunguzi walipofungua koti lake, waliukuta mfukoni.