Christian Doppler, Mwana wa Mwashi Aliyetuachia Kipimo cha Mishipa

Askari wa doria katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, tangu Palma hadi Mocímboa da Praia, huitambua mashua ya injini kwa mlio wake. Ikija, mlio huwa mwembamba. Ikishapita, huwa mzito. Jambo hilo, linalojulikana na kila baharia, lilipewa kanuni ya hesabu na Christian Doppler. Kwa kanuni hiyo tabibu wa leo huchunguza mishipa ya shingo na kukisia hali ya mishipa ya moyo. Tumeona yafaa tuyasimulie maisha yake.

Doppler alizaliwa Salzburg, mji ulioko Austria ya leo, tarehe 29 Novemba 1803, katika ukoo wa waashi wa mawe. Udhaifu wa mwili ulimzuia kuirithi kazi ya baba yake, akaenda kusoma hesabu Vienna. Ajira ilikuwa adimu, hata mwaka 1835 akauza vitu vyake ili ahamie Marekani. Kabla hajaondoka alipata ualimu huko Prague, akabaki.

Tarehe 25 Mei 1842 aliwaeleza wataalamu wa Prague kwamba wimbi hubadilika kwa mwenye kulipokea, kadiri chanzo chake kinavyokaribia au kwenda mbali. Alidhani hiyo ndiyo sababu ya rangi za nyota pacha. Hapo alikosea, lakini kanuni yenyewe ilikuwa sahihi. Mwaka 1845 Buys Ballot wa Uholanzi, aliyeitilia shaka, aliwapandisha wapiga tarumbeta katika garimoshi huku wanamuziki wengine wakisikiliza kando ya reli. Matokeo yalimthibitisha Doppler. Mwaka 1850 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Vienna. Mwaka 1852, maradhi ya mapafu yakiwa yamekwisha kumdhoofisha, mwanahisabati Petzval aliishambulia kanuni yake. Alifariki Venice tarehe 17 Machi 1853, akiwa na miaka 49.

Kanuni yake haikufa. Ndiyo iliyomo katika rada ya askari wa barabarani ipimayo mwendo wa magari. Katika miaka ya 1950, Satomura wa Japani aliitumia kuchunguza moyo kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika. Leo kifaa cha altrasaundi kikiwekwa shingoni huonyesha utando wa mafuta ndani ya ateri na kupima mwendo wa damu. Penye wembamba damu hukimbia: ikizidi sentimita 125 kwa sekunde katika ateri ya shingo iendayo kwenye ubongo, huashiria kwamba njia imezibwa nusu au zaidi.

Maradhi hayo hushambulia mishipa ya mwili mzima. Kwa hiyo mwenye utando mwingi shingoni aghalabu anao moyoni pia. Hata hivyo, shingo safi si hati ya usalama wa moyo. Hukumu ya mwisho hutolewa na picha ya mishipa ya moyo yenyewe, ipigwayo kwa dawa inayopitishwa katika mpira mwembamba. Kutoka Palma hadi Maputo, ilipo Taasisi ya Moyo, ni zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara. Altrasaundi hubebeka, haina mionzi wala haichomi. Hivyo yaweza kusaidia kumteua mapema anayestahili safari hiyo.

Basi askari mwenye shinikizo la damu, kisukari au mazoea ya sigara na apimwe mapema. Lakini kifua kikimbana ghafla, asingoje kipimo cha shingo: awahishwe hospitali saa ile ile.