Ng'wanamalundi: Maisha Yake na Toni ya Visakale Vyake

Igulu Bugomola, ambaye Wasukuma wanamjua zaidi kwa jina la Ng'wanamalundi, alizaliwa Usukuma mnamo mwaka 1892 na kufariki mwaka 1936. Jina hilo la pili ni la utani, nalo lahusu miguu yake mirefu. Malundi ya Kisukuma na muundi wa Kiswahili ni maneno ya shina moja. Alikulia chini ya utawala wa Wajerumani, akafa chini ya Waingereza.

Kwanza kabisa alikuwa mcheza ngoma, jambo ambalo wanaomtaja kama mganga tu hulisahau. Katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma baada ya mavuno, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Kwa hiyo kila kundi hutafuta samba, yaani dawa ya mvuto. Uwezo aliosifiwa nao Ng'wanamalundi ulizaliwa katika uwanja huo, mchana, mbele ya umati. Hapo ndipo visakale vinapoanza: alinyoosha kidole, miti ikakauka, Wajerumani wakamwogopa, wakamfunga.

Tukio la kidole, likitazamwa peke yake, ni la kutisha. Kinacholifanya liwe la kishujaa ni toni. Sikusudii hapa toni ya kifonolojia, ambayo Kisukuma kinayo kwa wingi, bali msimamo wa msimulizi kuhusu anachokisimulia. Msimulizi wa Ng'wanamalundi hutia chumvi waziwazi na kuwachekesha wasikilizaji. Mtenda anatajwa kwa jina, mashahidi wapo, na mwenye kuaibika ni mtawala. Fantasia ya kutisha husimuliwa vingine. Sauti hushuka, mashahidi hutoweka, na sarufi yenyewe hubadilika: mtu amelogwa, ng'ombe wameuawa, mtoto amechukuliwa. Kauli ya kutendwa huacha nafasi ya mtenda wazi, na msikilizaji huijaza kwa jina la jirani.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, baadhi yao kwa sababu ya macho mekundu, ambayo aghalabu hutokana na moshi wa miaka mingi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe. Vivyo hivyo katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Geita hadi Bulyanhulu. Mchimbaji mdogo aliyeshuka shimoni bila kujua kama atapata kitu huhitaji masimulizi ya bahati, na baadhi ya waganga wamempa yale ya kunong'onwa. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa tangu mwaka 2007 yalikuwa na masimulizi ya aina hiyo nyuma yake: viungo vya binadamu vinavyoleta utajiri, bila shujaa wala uwanja.

Emmanuel Mbogo alimrudisha Ng'wanamalundi jukwaani kwa tamthilia yake, Ngoma ya Ng'wanamalundi, iliyochapishwa mwaka 1988. Naona alichagua vyema kuitanguliza ngoma katika jina hilo. Katika muongo uleule, vijiji vya Kahama vilikuwa na Sungusungu, walinzi wa jadi waliowasaka wezi wa mifugo mchana, na mara nyingine, usiku, wachawi.