Muhammed Said Abdulla na mwisho wa Bwana Msa

Sherlock Holmes anajulikana pote. Lakini Kiswahili nacho kilikuwaka na mupelelezi wake: Bwana Msa wa Unguja. Huyu hakuwa polisi. Alitembea na kiko chake, na rafiki yake Najum pembeni.

Aliyemuumba ni Muhammed Said Abdulla, muzaliwa wa Makunduchi, mwaka 1918. Alianza kama mukaguzi wa afya, kiisha akaingia katika kazi ya magazeti. Hadisi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya waandikaji, ikatoka kitabu mwaka 1960. Tangu pale wasomaji hawakumuacha tena Bwana Msa.

Sasa mutu kama huyo unamumaliza namna gani? Conan Doyle alimuua Holmes mwaka 1893. Wasomaji wakakasirika, na nyuma ya miaka akamurudisha tu. Abdulla alifanya ingine. Kitabu cha mwisho, cha mwaka 1984, alikiita Kosa la Bwana Msa. Yule aliyezoea kufichua makosa ya wengine, leo kosa ni lake, tena limeandikwa kwenye jalada! Inaomba roho ngumu. Abdulla alifariki mwaka 1991, na Bwana Msa hakurudi.