Aliimba Mbingu Asiyoiona: Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu



Wengi wetu tunamfahamu Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu kwa picha yake: sista kijana amekumbatia msalaba na maua ya waridi, uso umetulia. Ukiiangalia picha ile unaweza kudhani maisha yake yalikuwa laini tu, yaani sala, maua na tabasamu. Leo nataka nikusimulie upande ambao picha ile haiuonyeshi. Teresia alikuwa mshairi. Aliugua ugonjwa ambao wakati ule haukuwa na dawa, na mwaka mmoja na nusu wa mwisho wa maisha yake aliishi katika giza la imani. Humo humo gizani ndimo alimotunga baadhi ya mashairi yake mazuri kuliko yote.

Alizaliwa tarehe 2 Januari 1873 huko Alençon, Ufaransa, mtoto wa mwisho wa Louis na Zélie Martin. Mama yake alifariki kwa saratani ya matiti mwaka 1877, Teresia akiwa na miaka minne tu. Baba akahamia na mabinti zake watano mjini Lisieux. Dada yake Pauline akawa mama yake wa pili, lakini mwaka 1882 naye akaondoka kuingia utawani kwa Wakarmeli. Teresia mwenyewe aliingia monasteri hiyo hiyo tarehe 9 Aprili 1888, akiwa na miaka 15. Mwaka uliofuata baba yao aliugua akili, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwa hiyo binti huyu hakusoma habari za mateso vitabuni. Aliyajua kutoka nyumbani kwao.

Ushairi hakuusomea. Shule ya watawa aliiacha akiwa na miaka 13, akaendelea kufundishwa na mwalimu binafsi. Februari 1893 sista mmoja alimwomba amtungie shairi, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Baada ya hapo kila sikukuu, kila nadhiri, masista walimjia: tutungie na sisi. Alitunga zaidi ya mashairi 50, pamoja na michezo minane ya kuigiza ndani ya monasteri.

Mimi nafurahishwa sana na namna alivyotunga. Alichukua sauti za nyimbo zilizojulikana, akaziwekea maneno mapya, akihesabu mizani na kupanga vina. Sisi wanakwaya tunaijua kazi hiyo! Ila yeye hakuwa na nafasi ya kukaa mezani na kalamu. Mistari ilimjia akiwa kazini, akaibeba kichwani mchana kutwa mpaka muda wa mapumziko jioni, ndipo akaiandika. Shairi lake maarufu kuhusu kuishi kwa upendo lilimjia Februari 1895, akiwa mbele ya Ekaristi Takatifu katika siku za kuabudu kabla ya Kwaresima.

Sasa twende kwenye Alhamisi Kuu ya mwaka 1896. Usiku ule, alipokwisha kulala, Teresia alihisi kitu kikipanda kutoka kifuani hadi mdomoni. Taa alikuwa ameshaizima, akaamua asubiri. Kulipokucha akaona: ni damu. Kilikuwa kifua kikuu. Siku ile ya Ijumaa Kuu aliendelea kufunga na kufanya kazi kama wenzake. Tena alifurahi, akaona ni kama Bwana Arusi anabisha hodi. Alikuwa na miaka 23.

Lakini furaha ile haikudumu. Katika siku zile zile za Pasaka giza likamwingia. Mbingu, ambayo tangu utoto ilikuwa kwake wazi kama nyumba ya jirani, ikafungwa. Akasikia mawazo ndani yake yakimdhihaki kwamba baada ya kifo hakuna kitu, ni usiku tu. Hali hiyo iliendelea mpaka anakufa. Hebu fikiria: sista wa ndani, kijana, anajua anakufa, na hahisi kwamba kuna mbingu!

Alifanya nini? Aliiandika Kanuni ya Imani kwa damu yake mwenyewe, akaiweka karibu na moyo. Kila jaribu lilipokuja alikimbilia kwa Yesu na kumwambia kwamba yuko tayari kuimwaga damu yake yote kukiri kuwa mbingu ipo. Aliona kwamba amekaa meza moja na watu wasio na imani, akawaombea kama ndugu zake. Na aliendelea kutunga. Wenzake walioyasoma mashairi yake walidhani amejaa faraja, lakini yeye alimweleza Mama Mkuu kwamba haonji furaha hiyo. Anaimba kile anachotaka kuamini.

Mei 1897, akiwa mgonjwa sana, alitunga shairi refu la beti 25 kueleza kwa nini anampenda Bikira Maria. Maria wa shairi lile anaishi maisha ya kawaida, na anamtafuta Mwanae siku tatu kwa uchungu bila kuelewa kinachotokea. Naamini Teresia alimpenda Maria huyo kwa sababu naye alikuwa anatafuta.

Tarehe 8 Julai alihamishiwa chumba cha wagonjwa. Maumivu yalizidi mno, pumzi ikawa ya kugombania. Aliwaonya wauguzi wasiache dawa zenye sumu karibu na mgonjwa mwenye mateso makali. Maana yake alijua mtu anaweza kufikishwa wapi, na hakuona aibu kulisema. Alifariki jioni ya tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24. Siku moja kabla, ndugu yake wa kiroho Maurice Bellière, aliyekuwa akimwombea na kumwandikia barua, alipanda meli kwenda Algiers kujiunga na Wamisionari wa Afrika. Baadaye alifika Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Kwa hiyo sala za mgonjwa yule zilifika hata huku kwetu. Mwaka 1925 Kanisa lilimtangaza Mtakatifu, 1927 msimamizi wa misioni, na 1997 Mwalimu wa Kanisa.

Rafiki yangu, labda unaumwa. Labda unasali na huhisi chochote, ukadhani imani yako imekufa. Teresia anatufundisha kwamba imani si kuhisi. Kuendelea kusali pale ambapo huoni kitu, hiyo nayo ni imani, tena imani kubwa. Na kama mawazo ya kukata tamaa yanakusumbua, usinyamaze: mwambie mzazi, padre, daktari au rafiki unayemwamini. Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda hospitali. Siku hizi kifua kikuu kinapona. Teresia hakuipata dawa hiyo. Wewe unayo.

Tusali: Ee Yesu, wakati hatukuoni, utusaidie tuendelee kuimba. Uwakumbuke vijana wote walio kitandani usiku huu. Amina.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, utuombee.