Mwana Kupona: Mama mgonjwa wa Siu aliyemwachia bintiye urithi wa maneno

Mwaka 1858, katika mji mdogo wa Siu kisiwani Pate, mjane mmoja aliyekuwa mgonjwa alitunga wosia kwa ajili ya binti yake. Zaidi ya miaka 160 baadaye, wosia huo bado unasomwa, unafundishwa na unabishaniwa.

Mjane huyo ni Mwana Kupona binti Msham, na wosia wake ndio Utendi wa Mwana Kupona, moja ya tungo zinazojulikana zaidi katika fasihi ya Kiswahili. Wengi wamelisikia jina lake darasani. Maisha yake na ya familia yake ni hadithi ambayo haisimuliwi sana.

Mke wa mtu wa vita

Mwana Kupona alizaliwa Pate, kwenye visiwa vya Lamu, pwani ya kaskazini ya Kenya ya leo. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu, akiwa mke wake wa mwisho. Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Siu ulikuwa mji mdogo, lakini si wa kubezwa. Ulikuwa na mafundi wa ngozi na wachongaji wa mbao, na waandishi wake walinakili misahafu kwa mkono. Tena ulikuwa mji mkaidi. Sayyid Said, aliyetawala Oman na Zanzibar, alitaka kuuweka chini yake, Bwana Mataka akagoma. Miaka ya 1840 Sayyid Said alituma jeshi, likapigwa, na kamanda wake akauawa hukohuko.

Hiyo ndiyo nyumba aliyoishi Mwana Kupona. Nje kulikuwa na vita, na ndani kulikuwa na wake wenza, watoto na watumwa.

Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye Mwana Kupona naye alikuwa anaumwa, na maradhi yalikuwa yamemkalia muda mrefu. Binti yake, Mwana Hashima, alikuwa na umri wa takribani miaka 17. Baba hayupo na mama yuko kitandani. Nani angemfunza maisha?

Karatasi na wino

Utendi unaanza na mama akimwita binti yake akae karibu, alete karatasi na wino, kwa kuwa ana jambo la kumwambia. Ni beti 102. Kwanza anamkabidhi hirizi na kidani cha lulu na marijani. Kwa kweli anachompa ni maneno, ayavae kama pambo na kinga.

Mafunzo yenyewe ni ya kila siku: shika dini, chunga ulimi, sema kweli, kuwa mtu wa kuaminika, nyumba iwe safi. Kisha yanakuja yale yaliyompa sifa na lawama, yaani mume. Binti anaambiwa amtunze, asimwamshe kwa pupa, ampepee, asitoke bila ruhusa yake. Radhi za mume zimewekwa pamoja na za Mungu, Mtume, baba na mama.

Hapo ndipo mabishano yanapoanzia. Kuna wanaosoma utendi huu kama kitabu cha kumfunga mwanamke. Kuna wanaoona mama mwerevu akimfundisha bintiye namna ya kumjua mwanamume na kuishi naye bila kuumia. Kila upande una ushahidi wake ndani ya beti zilezile.

Kuna jambo moja ambalo ni rahisi kulipita. Mwana Kupona anatoa mfano wa ndoa yake mwenyewe. Anaeleza kwamba yeye na mumewe waliishi kwa furaha na kuheshimiana, na kwamba mume alipokaribia kufa alimpa radhi zake tena na tena. Kwa hiyo hakuwa akitoa amri tupu. Alikuwa mjane anayemkumbuka mwenzake, huku akimwandaa mtoto ambaye hatakuwa naye.

Utendi unaonyesha pia upande mwingine wa jamii yake. Binti anaonywa asizoeane na watumwa isipokuwa kwenye kazi. Huyu alikuwa mwanamke wa nyumba ya watawala, na wanawake waliomtumikia hawakuachiwa karatasi wala wino.

Kilichobaki

Mwishoni anawaombea dua watoto wake na ndugu zake, anajiombea afya, na anawaalika wanawake wote wausome utendi huo. Afya haikurudi. Alifariki miaka michache baadaye.

Familia haikupata utulivu. Muhammad, mtoto wa Bwana Mataka, aliendeleza upinzani dhidi ya Zanzibar. Katika miaka ya 1860, enzi ya Sultan Majid, Siu ukashindwa. Muhammad alikamatwa, akafungwa Fort Jesus, Mombasa, na akafia humo.

Maneno ya mama yalikwenda mbali zaidi. Yalinakiliwa kwa herufi za Kiarabu na kupita mkono kwa mkono, hasa kwa wanawake. Mwaka 1917 mtaalamu wa Kiingereza Alice Werner aliyachapisha, na mwaka 1934 yakatoka kama kitabu, kazi ya Werner na William Hichens.

Bwana Mataka aliwashinda askari wa Sayyid Said, lakini leo wengi wanaomjua wanamjua kwa sababu moja tu: alikuwa mume wa Mwana Kupona.