Daktari wa kijijini aliyegeuka teja: Maisha ya Mikhail Bulgakov

Ukimtaja Mikhail Bulgakov kwa watu wa vitabu hapa Nairobi, watakwambia ni yule Mrusi aliyeandika riwaya ya Shetani kutembelea Moscow. Ni kweli. Lakini mimi nilimjulia kwenye kijitabu cha hadithi za udaktari nilichonunua kwa wauzaji wa mtumba katikati ya jiji. Nilikisoma ndani ya matatu ya Kangemi, jam ya Westlands ikiwa imetushika kama kawaida, na wakati jam ilipofunguka nikapitishwa steji. Wacha nikupe stori yake.

Alizaliwa Kiev mwaka wa 1891, kifungua mimba katika familia ya watoto saba. Babake alikuwa profesa wa chuo cha dini, akafariki kwa ugonjwa wa figo mwaka wa 1907. Kijana akasomea udaktari, na mwaka wa 1913, bado akiwa mwanafunzi, akamuoa Tatiana Lappa. Shika hilo jina.

Alifuzu mwaka wa 1916, Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa vimepamba moto. Kwanza alifanya kazi kwenye hospitali za karibu na uwanja wa vita. Tatiana alimfuata huko, na ndiye aliyewashika miguu askari wakati mumewe akiikata. Halafu serikali ikahitaji madaktari wazoefu waende vitani, hao wachanga wakatupwa mashambani. Septemba mwaka huo Bulgakov, miaka 25, akatumwa Nikolskoye, mkoa wa Smolensk. Hapo ni ndani ndani. Kutoka stesheni ya reli ni zaidi ya kilomita 30 za matope kwa mkokoteni wa farasi. Daktari ni yeye peke yake.

Cheti alichopewa akiondoka kinasema kwamba kwa muda usiotimu mwaka alilaza wagonjwa 211, na waliotibiwa na kurudi nyumbani walikuja mara 15,361. Piga hesabu. Ni zaidi ya watu 40 kila siku, Jumapili ikiwemo. Wakati madaktari wanagenzi wetu walipogoma mwaka wa 2024 na kujaa barabarani hapa mjini, kuna watu walisema ni watoto wanaodeka. Mimi niliacha chuo, siwezi kujifanya mjuaji, lakini ningependa kuwaona hao wasemaji wakimaliza wiki moja tu pale Nikolskoye.

Balaa lilianzia kwenye kazi nzuri. Mwaka wa 1917 aliletewa mtoto mwenye dondakoo, ule ugonjwa unaoziba koo hadi mtu anakosa hewa. Bulgakov alimpasua koo, akaingiza mrija, akanyonya uchafu kwa mdomo wake mwenyewe. Kwa kuhofia kuambukizwa, akajidunga dawa ya kinga. Dawa ikamkataa. Uso ukavimba, mwili ukamuwasha vibaya, usingizi hauji. Akaomba adungwe mofini apate kupumzika.

Ikamtuliza sana. Kesho yake akataka tena.

Hapo usidhani alianguka kazini. Aliendelea kuamka, kupasua, kuzalisha. Wagonjwa walimwona daktari. Teja alionwa na mkewe. Tatiana ndiye aliyelazimishwa kumdunga, na ndiye aliyetumwa kuzunguka maduka ya dawa kutafuta chupa nyingine, kwa sababu daktari akichota sana kwenye kabati ya hospitali watu wataanza kuuliza. Akikawia, au akikataa, arosto ilimgeuza mumewe kuwa mtu mwingine. Kuna siku alimrushia stovu ya mafuta iliyokuwa ikiwaka. Kuna siku alimlenga bastola. Ukimya wa kijijini ulisaidia siri, haukumsaidia huyo mama.

Septemba 1917 walihamia mji wa Vyazma, kwenye hospitali kubwa zaidi. Haikusaidia. Mji ulimaanisha tu maduka mengi ya dawa. Mapema 1918 wakarudi Kiev, nyumbani kwao Bulgakov, na huko Tatiana akapata mtu wa kusema naye: babake wa kambo wa Bulgakov, ambaye pia alikuwa daktari. Mzee akampa ujanja. Tatiana akaanza kuchanganya mofini na maji safi, leo kidogo, kesho zaidi, bila kumwambia mgonjwa. Mwishowe kwenye sindano hamkuwa na kitu ila maji. Mwaka huo huo akaacha. Wengi hawatoki huko, msee.

Mengine nitayapitia haraka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamchukua hadi Vladikavkaz, akashikwa na taifasi mwaka wa 1920, na Tatiana akamuuguza tena. Akatupa udaktari, akashika kalamu. Moscow mwaka wa 1921, njaa tupu. Mwaka wa 1924 akampa Tatiana talaka. Riwaya yake ya kwanza, aliyoiandika Tatiana akikaa karibu naye usiku, akaitabaruku kwa mke wa pili. Hapo ndipo mimi nilikasirika naye, na sijatulia bado.

Mwaka wa 1927 jarida la wahudumu wa afya lilichapisha hadithi yake iitwayo Mofini. Daktari kijana, kijiji cha mbali, sindano. Yupo muuguzi Anna anayempenda na kumsihi, lakini hamwokoi, na daktari anajipiga risasi. Yaani aliandika maisha yake mwenyewe, ila akayaondolea yale maji.

Serikali ya Stalin ilipiga marufuku tamthilia zake. Alifariki Machi 10, 1940, miaka 48, kwa figo kama babake, na mofini ikarudi mwishoni kutuliza maumivu. Riwaya yake kuu ilichapishwa kati ya 1966 na 1967.

Tatiana aliishi Tuapse, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi, hadi 1982. Alikuwa ajuza wakati watafiti walipobisha mlango kumuuliza habari za mwandishi mashuhuri, na hizi za chupa, bastola na maji, tunazijua kwa sababu yeye alikubali kuzisema.